Mawe Yasiyo na Majina: Parokia ya Kilmartin

 Walimu, tafadhali andikeni ubaoni majina manne kwa herufi kubwa: KILMARTIN, DUNADD, CARNASSERIE, CARSWELL. Ni majina ya kigeni, nayo tumeyaandika kama wenyewe wanavyoyaandika. Wanafunzi, msihangaike sana na matamshi yake. Hata wageni Waingereza hujikwaa.

Somo la leo limetokana na barua. Mzee mmoja aliyejifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu ametuandikia kwa mkono wake mwenyewe, mistari sita. Anasema kwamba baba yake na babu yake hawakujua kusoma. Walilima, walijenga, waliamua mashauri ya watu, wakafa. Sasa anauliza hivi: mtu aliyekufa bila kuacha maandishi, je, ana historia? Au historia ni ya wenye kalamu tu?

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako si dogo, wala sitaki kulijibu kwa maneno matamu tu. Nitakupeleka mahali pamoja, mbali sana na hapa, ambapo watu wasiojua kuandika waliishi kwa miaka elfu nyingi, kisha wakaja wenye kuandika, na mabaki ya hao wote yako pamoja katika bonde moja. Tutazame kila upande umetuachia nini.

Mahali penyewe ni parokia ya Kilmartin, katika jimbo la Argyll, magharibi ya Uskoti. Uskoti ni nchi iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa kile kile chenye Uingereza. Parokia ni eneo la kanisa moja na watu wake. Lakini huko Uskoti parokia ilikuwa zaidi ya mambo ya dini. Kwa muda mrefu shule zilihesabiwa kwa parokia, na maskini walisaidiwa kwa parokia. Sheria ya mwaka 1696 iliagiza kila parokia iwe na shule na mwalimu.

Kilmartin ni nchi ya ng'ombe, kondoo na mvua. Nilipokuwa nikisoma chuo kikuu huko Uskoti nilikwenda kukaa siku tatu, na siku zote tatu mvua ilinyesha. Kijiji ni kidogo: kanisa, hoteli, jumba la makumbusho, na nyumba chache kando ya barabara, maili 8 hivi kaskazini ya mji mdogo uitwao Lochgilphead. Mtu angeweza kupita kwa gari asigeuze hata shingo. Lakini chini ya kijiji kuna bonde pana, na ndani ya maili 6 kutoka kijijini kuna mamia ya mabaki ya kale. Zaidi ya 150 kati ya hayo ni ya watu walioishi kabla maandishi hayajafika katika nchi ile.

Tuanze na marundo ya mawe. Ukisimama karibu na kanisa ukatazama bondeni, utaona marundo makubwa ya mawe ya mviringo, moja mbele ya jingine, kama kwamba mtu amevipanga vichuguu kwa kamba. Matano yamebaki. Hayo ni makaburi.

La kale kuliko yote huitwa Nether Largie South. Lilijengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Katikati yake kuna chumba kirefu cha mawe, urefu wake futi 20 hivi, kimegawanywa kwa mawe bapa kuwa sehemu nne. Waliokijenga walikuwa katika wakulima wa kwanza wa nchi ile. Walikuwa na nafaka na mifugo, na mashoka yao yalikuwa ya jiwe, maana shaba wala chuma hawakuvijua. Makaburi ya namna hii hayakuwa ya mtu mmoja mkubwa. Jamii nzima iliyatumia, kizazi baada ya kizazi.

Miaka zaidi ya 1,000 ikapita. Watu waliokuja baadaye wakaingia katika chumba kile kile, wakaweka humo maiti zao na vyungu vyao vya namna nyingine kabisa. Baadaye tena rundo likaongezwa mawe, likawa kubwa zaidi, na ndani yake yakatiwa masanduku ya mawe. Kwa hiyo rundo moja lina habari za watu wa nyakati mbalimbali ambao hawakuonana kamwe.

Hapo darasani lazima kuna mtu anayeuliza: haya yote mmeyajuaje? Nani alihesabu miaka hiyo? Ni haki kuuliza. Msikubali miaka 5,000 kwa sababu tu redio imesema.

Njia ya kwanza mnaijua nyumbani. Fikirini jalala la kijiji. Takataka za mwaka huu ziko juu, za mwaka jana chini yake, na za wakati wa bibi yako ziko chini kabisa. Mchimbaji akifukua pole pole, safu baada ya safu, anajua kipi kilitangulia. Chungu kilicho chini kiliwekwa kwanza, isipokuwa kama mtu alichimba shimo akavuruga, na shimo nalo huacha alama yake katika udongo.

Lakini jalala halisemi ni miaka mingapi. Kwa hiyo ipo njia ya pili. Kila kitu chenye uhai, mti au mnyama au mtu, huvuta katika mwili wake kitu kiitwacho kaboni kinachotoka hewani. Sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya aina inayopungua yenyewe pole pole. Kiumbe kikiwa hai, huipata mpya kila siku. Kikifa, haipati tena, na ile iliyobaki inaanza kupungua kama maji ya mtungi uliotoboka. Upungufu wake una kipimo: baada ya miaka 5,730 hivi hubaki nusu. Basi mtaalamu akipata kipande cha mkaa au mfupa, anapima ni kiasi gani kimebaki, anapiga hesabu. Aliyevumbua njia hiyo ni Bwana Willard Libby wa chuo kikuu cha Chicago huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1960. Jiwe lenyewe halipimwi hivyo, kwa sababu halikuwa na uhai. Hupimwa mkaa wa moto uliowashwa chini yake, au mfupa uliozikwa nalo.

Sasa turudi bondeni. Sanduku la mawe hutengenezwa hivi: mawe manne bapa husimamishwa ardhini kama mbao za sanduku, na la tano, kubwa, huwekwa juu liwe kifuniko. Sanduku ni fupi. Maiti alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, kama mtoto alalaye penye baridi. Karibu naye mara nyingi waliweka chungu.

Rundo liitwalo Nether Largie North lilichimbuliwa mwaka 1930, kisha likajengwa upya, likafanyiwa chumba chenye paa la saruji ndani yake ili watu waweze kuliona sanduku. Nilishuka kwa ngazi kupitia tundu lililoachwa juu. Mle ndani mvua haikusikika tena. Mwanzoni sikuona kitu. Kifuniko cha lile sanduku kilikuwa jiwe tupu la kijivu. Halafu nikashika tochi chini, nikamulika kwa upande, na vivuli vikatokea: vichwa vya mashoka, kumi hivi, vimechongwa jiweni, na kati yake vishimo vingi vidogo vya mviringo. Nilikaa humo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Aliyevichonga alijua kazi yake.

Umbo la mashoka yale, makali yake mapana yenye kupinda, ni la mashoka ya shaba iliyochanganywa na bati. Hapo tunajifunza jambo. Bati ya kisiwa kile hutoka Cornwall, kusini kabisa ya Uingereza, na shaba nyingi ya wakati ule ilichimbwa Ireland, ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo watu wa bonde lile, miaka 4,000 hivi iliyopita, walikuwa na habari za nchi za mbali na mali za nchi hizo. Katika makaburi mengine ya hapo imeonekana mikufu ya jiwe jeusi jepesi linalong'aa, ambalo asili yake ni mti wa kale sana uliogeuka jiwe. Jiwe hilo hutoka Whitby, upande wa pili wa kisiwa, kwenye mwambao wa mashariki. Hapakuwa na barabara wala gurudumu la kuleta mzigo. Shanga hizo zilisafiri kwa miguu na kwa mtumbwi.

Kuna habari nyingine inayonipendeza zaidi. Mahali paitwapo Upper Largie palikuwa na machimbo ya kokoto. Kabla kokoto hazijachukuliwa, wachimbuzi wa mambo ya kale walipewa nafasi ya kukagua, kwa vipindi, tangu miaka ya 1980 mpaka 2005. Juu ya ardhi hapakuwa na kitu cha kuonekana. Lakini walipokwangua udongo wakaona madoa meusi ya mviringo, yamefuatana kwa mstari. Kila doa lilikuwa shimo la nguzo. Mti ulikwisha oza maelfu ya miaka iliyopita, lakini udongo uliojaza nafasi yake ulikuwa na rangi nyingine, na rangi hiyo haikufutika. Papo hapo waliona kaburi lenye vyungu vinavyofanana sana na vile vya nchi za mto Rhine, upande wa Uholanzi. Huenda aliyezikwa pale alizaliwa ng'ambo ya bahari, akaja kuishi na kufa miongoni mwa watu wa Kilmartin.

Mzee wangu, angalia basi. Hao hawakuandika herufi hata moja, nasi tunajua walivyolima, vyungu walivyopikia, safari za mali zao, na namna walivyowaheshimu wafu wao. Wana historia. Hilo halina shaka.

Katika bonde lile kuna pia mawe yaliyosimamishwa wima, mengine marefu kuliko mtu, na mahali paitwapo Temple Wood kuna duara la mawe. Zamani duara hilo lilikuwa na mawe 22. Sasa yamebaki 13, na moja lina mchoro wa mstari unaojizungusha kama nyoka aliyelala. Maana ya jina hilo ni Msitu wa Hekalu, lakini jina halina ukale wowote: miti ilipandwa katika karne ya 19, na watu wakaita watakavyo. Bwana Alexander Thom, Mskoti aliyekuwa profesa wa uhandisi, alipima mawe ya bondeni akasema kwamba yalitumika kuangalia mwendo wa mwezi. Wengine wakakubali, wengine wakasema amehesabu kupita kiasi. Na juu ya miamba ya jirani, hasa Achnabreck, kuna vishimo vilivyozungukwa na duara ndani ya duara, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Yamechongwa kwa mamia. Wameandika watu vitabu vizima juu yake, na hakuna aliyeweza kusema michoro hiyo ina maana gani.

Hapa ndipo uchungu unapoanza. Jiwe hujibu maswali mengine na kunyamaza kwa mengine. Na jiwe likiondolewa, hata jibu lile dogo hupotea.

Rundo la mwisho katika mstari wetu huitwa Ri Cruin. Katika karne ya 19 wakulima walihitaji chokaa ya kumwaga mashambani, kwa sababu udongo wa huko una uchachu na mazao hayastawi. Chokaa hutokana na mawe ya chokaa yaliyochomwa katika tanuri. Basi watu wakajenga tanuri la chokaa ndani ya rundo lile la makaburi. Mimi siwalaumu sana. Mkulima mwenye njaa akiona mawe ya bure hawezi kuyapita. Mengine mengi yaliingia katika kuta za mashamba na katika barabara. Katika Ri Cruin limebaki jiwe moja lenye picha za mashoka. Jiwe lake jingine lenye mchoro lilihamishiwa kwenye nyumba ya mwenye ardhi, likaharibiwa na moto. Limebaki umbo lake tu, lililonakiliwa kabla.

Huyo mwenye ardhi alikuwa nani? Ardhi ya bonde ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Malcolm wa Poltalloch. Ukoo huo ulikuwa na mashamba ya miwa huko Jamaica, nayo yalilimwa na watumwa waliotoka Afrika. Bunge la Uingereza lilipopitisha mwaka 1833 sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fidia hiyo walilipwa wenye watumwa, na ukoo wa Malcolm ulipata fungu lake. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Kati ya mwaka 1849 na 1853 ukajengwa mjengo mkubwa, Poltalloch House. Paa lake liliondolewa mwaka 1957, na leo ni kuta tupu zenye majani. Nalo limekuwa katika mabaki ya kale ya nchi ile, ingawa wageni wengi huyafuata mawe wakaliacha.

Ni katika ardhi ya ukoo huo kwamba mwaka 1864 kasisi mmoja Mwingereza, William Greenwell, alichimbua Nether Largie South. Alichimba upesi upesi, kama walivyofanya wengi wakati ule. Mambo mengi ambayo mchimbuzi wa leo angeyaona katika rangi ya udongo yalikwenda na sepeto. Hata hivyo aliandika alichokiona, na kwa kuwa aliandika, tunaweza kukitumia.

Sasa tuingie wakati wa maandishi. Itatubidi tuvuke mpaka kidogo mpaka parokia ya jirani, maili 4 hivi kusini ya Kilmartin. Huko, katikati ya tambarare yenye maji na udongo mweusi laini, kuna kilima cha mwamba kinachosimama peke yake. Hapo ni Dunadd, maana yake ngome ya mto Add. Tangu miaka ya 500 mpaka karibu 800 baada ya Kristo palikuwa ngome ya wafalme wa Dál Riata, watu waliosema Kigaeli na kutawala nchi za pande zote mbili za bahari, Uskoti na Ireland. Karibu na kilele kuna alama ya mguu iliyochongwa katika mwamba. Wataalamu wengi wanadhani kwamba mfalme mpya alitia mguu wake hapo siku ya kutawazwa. Siku hizi mgeni hukanyaga nakala iliyowekwa juu ya mwamba wa asili ili usilike.

Wachimbuzi waliona Dunadd vibao vya udongo vya kumiminia madini ya vipini na mapambo, na vipande vya vyungu vilivyotoka Ufaransa. Waliona pia kipande kidogo cha rangi ya manjano ya aina iliyoletwa kutoka nchi za bahari ya Mediterania. Rangi hiyo ilitumiwa kupamba vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Na kipo kijiwe bapa cha mviringo, kidogo, kimekwaruzwa maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya "katika jina". Huo ndio mwandiko wao. Nilipouona umbo lake nilikumbuka madarasa yetu: herufi za mtu anayejaribu.

Wakati huo huo watawa wa kisiwa cha Iona, walioanza kukaa huko mwaka 563 pamoja na Mtakatifu Columba, walikuwa wakiandika mambo ya kila mwaka, kwa maneno machache tu. Kutokana na maandishi ya namna hiyo tunajua kwamba Dunadd ilizingirwa mwaka 683. Tunajua pia kwamba mwaka 736 Óengus, mfalme wa watu walioitwa Wapikti, aliiteka, akawafunga kwa minyororo wana wawili wa Selbach, yaani Dúngal na Feradach.

Mmesikia kilichotokea? Tumetembea katika bonde hili miaka zaidi ya 4,000 bila kukutana na mtu mwenye jina. Aliyechonga mashoka, mwenye mkufu wa Whitby, aliyetoka ng'ambo akazikwa kwenye kokoto, wote hatuna cha kuwaita. Halafu mtawa mmoja anaweka mstari mmoja wa wino, na mara tunao Dúngal na Feradach, na tunajua baba yao ni nani. Miongoni mwa watu wa Dunadd hao walikuwa wawili tu, na hawakuwa wema kuliko wengine. Wameandikwa tu.

Hata baadaye hali ilikuwa hivyo. Katika uwanja wa kanisa la Kilmartin kuna mawe ya kaburi ya kati ya miaka ya 1300 na 1600, yamechongwa kwa ustadi: panga, majani yanayosokotana, wanyama, watu waliovaa silaha tangu kichwani mpaka miguuni. Kanisa lililopo sasa lilijengwa mwaka 1835, lakini mawe hayo ni ya zamani zaidi. Bila shaka walilaliwa na watu wenye mali na sauti. Lakini mawe mengi hayana jina. Waliona kwamba upanga unatosha, maana kila mtu kijijini alijua ni kaburi la nani. Kijiji kile kimekufa, na ujuzi ule umekufa nacho.

Maili moja hivi kaskazini ya kijiji, juu ya mteremko, iko ngome ya Carnasserie. Ilijengwa katika miaka ya 1560, na aliyekaa humo ni John Carswell, mchungaji mkuu wa Kilmartin, baadaye askofu wa visiwa vya magharibi. Juu ya mlango kuna maneno ya Kigaeli ya kumwombea heri bwana wa Argyll, aliyekuwa mlinzi wake. Watu walimwita Carswell Mkubwa, kwa urefu wa mwili wake, na wengine hawakumpenda kwa sababu alijua kukusanya mali. Lakini alifanya jambo moja ambalo sisi wa madarasa ya kusoma hatuna budi kulijua.

Alichukua kitabu cha ibada cha Kanisa la Uskoti akakifasiri kwa Kigaeli, kikapigwa chapa Edinburgh mwaka 1567. Kilikuwa kitabu cha kwanza kabisa cha lugha ya Kigaeli kupigwa chapa mahali popote. Katika dibaji yake alieleza shida yake. Alisema, kwa maana yake, kwamba mataifa mengine yana vitabu vya chapa katika lugha zao, na Wagaeli hawana. Wana hati za mkono tu, na hati ya mkono ni kazi ndefu, hali mashine hutoa nakala nyingi kwa muda mfupi. Alilalamika pia kwamba watu wanapenda mno hadithi za mashujaa wa kale kuliko mambo ya dini. Kwa lalamiko hilo ametufanyia wema asioukusudia, maana ametuambia watu wa parokia yake walisimuliana nini usiku.

Carswell alikufa mwaka 1572. Ngome yake ilitekwa na kubomolewa kwa baruti mwaka 1685, wakati bwana wa Argyll alipomwasi mfalme. Za kitabu chake zimebaki nakala tatu tu duniani. Agano Jipya kwa Kigaeli cha Uskoti lilipigwa chapa mwaka 1767, miaka 200 kamili baada yake. Na sheria ya elimu ya mwaka 1872, iliyowalazimisha watoto wote wa Uskoti kusoma, haikuipa lugha hiyo nafasi yoyote shuleni. Leo Kilmartin lugha ya kila siku ni Kiingereza. Kigaeli kimebaki katika majina ya mahali: Kilmartin yenyewe ni Kanisa la Martin, na ile tambarare ya udongo mweusi huitwa Mòine Mhòr, maana yake Kinamasi Kikubwa.

Limebaki jambo moja kabla ya kazi ya nyumbani. Mwaka 1790 Sir John Sinclair aliwapelekea barua wachungaji wa parokia zote za Uskoti, zaidi ya 900, akawauliza maswali zaidi ya 160: watu wangapi, mazao gani, bei gani, shule ipi, na mabaki gani ya kale. Wengine walijibu upesi, wengine alilazimika kuwasumbua kwa barua nyingi. Majibu yalipigwa chapa kati ya mwaka 1791 na 1799 katika vitabu 21. Wachungaji wale hawakuwa wachimbuzi. Waliwauliza wazee, wakaandika. Leo mtu akitaka kujua rundo fulani lilikuwa na ukubwa gani kabla mawe yake hayajaibwa, hufungua vitabu hivyo.

Kazi yenu ni hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo. Kila mmoja achague kitu kimoja cha mahali anapokaa: kisima, mti mkubwa, kaburi, msingi wa nyumba iliyoanguka, njia ya zamani. Amwulize mtu mmoja aliyemzidi umri. Kisha aandike mistari minne: jina la kitu, kipo wapi, kinasemwa nini juu yake, na nani aliyesema. Mstari wa nne usisahauliwe, nao uwe na jina kamili. Tieni tarehe chini. Walimu watakusanya karatasi.

Nawe, mzee wangu, barua yako ninayo hapa mezani. Umeniambia kwamba babu yako alilima, alijenga na kuamua mashauri. Jina lake hukuliandika. Naomba uliandike katika mstari wa kwanza wa karatasi yako.

Kwaherini.